Veneranda Aloyo, Aliyehesabu Homa za Nsambya (1936–1979)

Wasifu huu unasomwa na wifi yake, Mahfudha binti Sadiq, wa Nakawa. Padri ameomba uwe mfupi. Marehemu hakupenda hesabu inayoachwa njiani, kwa hiyo Padri atuvumilie.

Veneranda Aloyo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1936 katika hospitali ya Nsambya, mtoto wa tatu wa Sajenti Dawudi Otema na mkewe Kerina, wote wenyeji wa Kitgum. Alikulia katika nyumba za polisi hapa chini ya mlima, chumba kimoja watu saba. Tungempeleka Kitgum akalale karibu na baba yake, lakini njia ya kaskazini bado haijatulia, na Nsambya nako ni kwao.

Alianza masomo mwaka 1943 kwa masista wa hapa hapa mlimani. Sista wa hesabu alimtoa darasani mara mbili kwa kosa la kujibu kabla swali halijaisha. Mwaka 1956 aliingia Makerere, akatoka 1960 na shahada ya hesabu. Wasichana katika darasa lile walikuwa wawili tu, na mwenzake aliolewa mwaka wa pili akaacha.

Alifunga ndoa na kaka yangu Mansur tarehe 3 Juni 1961. Nisiseme uongo mbele ya jeneza: nyumbani kwetu tulinuna. Sisi ni watu wa duka na chuo cha Kurani, babu zetu walikuja na misafara kutoka pwani, na huyu alikuwa Mkatoliki, binti wa polisi, tena mrefu kumpita bwana harusi. Mama yetu, Bi Hindu, alisema, "Mwanangu, huyu atakuhesabia hata punje za wali." Na kweli alihesabu. Lakini Ijumaa alimpigia Mansur kanzu pasi, Jumapili Mansur akamsindikiza hadi mlango wa kanisa, na kila mmoja akabaki na dini yake. Walijaliwa Uthman, Maimunah na Sabah.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini, na mwaka 1968 akapelekwa Nairobi miezi minane kujifunza kompyuta. Aliporudi alikabidhiwa mashine iliyojaza chumba kizima, inayolishwa kadi zenye matundu. Mashine ilikuwa na kiyoyozi na yeye hana, tukamshauri ahamishie kitanda huko.

Mwaka 1974 alijiwa na Daktari Ambroise, Mkongo wa Kisangani aliyekuwa akichunguza malaria. Daktari alikuwa na swali: kwa nini homa inamlaza mtu mmoja katika nyumba hii, na kwa jirani inawalaza wote? Waliohesabu vijidudu kwa darubini na waliohesabu wagonjwa mitaani kila mmoja alikuwa na daftari lake. Marehemu aliyaunganisha. Kompyuta yake ilianzia ndani ya damu, ambamo vijidudu huzaana kila siku mbili. Jibu la hapo lilipanda kwa mtu: atashikwa na homa lini, na lini atamwambukiza mbu. La mtu likapanda kwa nyumba: wangapi wanalala pamoja. La nyumba likapanda kwa mtaa na mabwawa yake. Kisha lilishuka tena, maana mbu wa mtaani ndiye anayerudisha vijidudu kwenye damu. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu.

Nyumbani alijaribu kwanza kwa simsim. Punje zilikuwa vijidudu, vikombe vilikuwa nyumba, sinia ndiyo Nakawa. Jumamosi moja Bi Hindu alikuja kutembea, akakuta simsim imekaa bure, akaikusanya, akaipepeta, akaikaanga. Marehemu alipotoka kuoga alishika kiuno. "Mama! Umekaanga malaria ya Nakawa yote!" Mama akamjibu, "Basi mshukuru Mungu, imekwisha." Wakaila pamoja, na wiki iliyofuata akaanza upya.

Mapema mwaka 1977 mkuu wake alitaka hesabu ya Nsambya, nyumba kwa nyumba, ipelekwe wizarani. Ikikubaliwa, marehemu angekwenda kuisoma kwenye mkutano wa wanasayansi Nairobi. Alikwisha kushona gauni. Lakini hesabu iligoma. Zahanati ilikuwa na homa karibu mara mbili ya zile zilizotabiriwa na kompyuta. Alikagua kadi moja moja kwa miezi miwili, asione kosa. Ndipo akaligeuza swali: ili homa ziwe nyingi hivi, ni wangapi wanaolala katika kila nyumba? Mashine ikamwonyesha nyumba kumi na saba zenye watu wengi kuliko walioandikwa katika daftari la polisi.

Kila mtu mzima hapa anajua miaka ile ilikuwaje. Wanajeshi na polisi wa kaskazini walichukuliwa wasirudi, na wake zao na watoto wakawa wanatafutwa. Wenye moyo waliwaficha nyuma ya mapazia, humu humu Nsambya. Daftari halikuwajua, lakini homa iliwajua. Na wizarani walikokuwa wakiingoja karatasi ile, waliokaa mezani walikuwa wanajeshi.

Jumapili tarehe 12 Juni, baada ya misa ya asubuhi, marehemu alizizunguka nyumba zile kama mtu anayesalimia jirani. Jumatatu alimwambia mkuu wake kwamba hesabu imemshinda na kompyuta haifai kwa kazi hiyo. Alimwambia hivyo hata Daktari Ambroise, ambaye alirudi Kisangani amevunjika moyo. Mkutano ulifanyika bila yeye. Alihamishiwa Nakawa kunakili madaftari kwa mkono, mwanamke mwenye shahada.

Kadi zake, masanduku sita, aliniletea mimi. "Wifi, karatasi ya ofisi hii, washia moto." Mkaa ulikuwa adimu, nikafurahi. Miaka mitatu ya akili yake nimeichomea mandazi yasiyo na sukari. Na ule msemo uliozagaa mjini, kwamba kompyuta ya Aloyo ilishikwa na malaria, niliurudia mimi kwenye harusi tatu, naye amekaa mbele yangu. Alicheka pamoja nasi.

Aliugua saratani ya titi mwishoni mwa mwaka jana. Vita vilipokaribia, dawa hazikupatikana. Tarehe 29 Aprili mwaka huu, siku kumi na nane baada ya mji kukombolewa, mwanamke nisiyemjua alifika nyumbani kwao Bugolobi na kuku mkononi. Jina lake ni Anena. Alipiga magoti kando ya kitanda, kisha akanigeukia.

"Huyu mama alikuja kwetu ile Jumapili," alisema. "Akasema, 'Nyinyi munajificha mzuri, lakini homa yenu inahesabu nyinyi. Musipeleke watoto yote zahanati moja.' Akatuletea dawa kila mwezi. Mupaka juzi."

Nilimwuliza marehemu walikuwa wangapi, kwa hesabu ile aliyosema imemshinda. Alijibu amefumba macho: "Sitini na mbili."

Anena alitikisa kichwa. "Sitini na tatu, mama. Musichana wangu nilizaa Ijumaa, mbele ya hiyo Jumapili."

Marehemu alifungua macho akacheka mpaka tukamshika. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 26 Mei 1979, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mansur. Nilipata majuma manne ya kumwomba radhi. Kila nilipoanza, aliniambia nimgeuzie mto. Barua ya kumweleza Daktari Ambroise ukweli imekwisha kutumwa.

Ameacha mume, Mansur. Watoto watatu, Uthman, Maimunah na Sabah. Mama mkwe, Bi Hindu. Na wifi mmoja mwenye mdomo mrefu. Ameacha pia watu sitini na watatu. Mmeletwa na miguu yenu leo, nawaona pale ukutani, mmezoea kusimama nyuma. Padri, naomba watangulie wao kutia udongo. Njooni mbele, na kila mmoja akifika kaburini aseme jina lake kwa sauti, na jina la nyumba aliyofichwa. Tutangoja hadi wa mwisho. Kisha ndipo tutamwombea Veneranda apumzike kwa amani.