Kopo la Evelio la Dawa ya Pumu

Ndugu waombolezaji, kabla familia haijasoma neno, kila mmoja aapie jeneza hili kwamba atakayoyasikia hayatavuka ukuta wa makaburi, haya, mmeapa, sasa tunasoma kwa sauti hata mchimba kaburi aliye kule mwisho asikie.

Marehemu Evelio Pupo Leyva alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa kwetu Gibara, Kuba, mtoto wa nne wa mzee Crescencio na mama Digna, akaanza shule mwaka 1957, akaimaliza kwa kusukumwa, maana alipenda kuchungulia ya watu kuliko ya ubaoni, na kwa kuchungulia dada yake anayewasomea haya alimshinda kidogo tu.

Tarehe 11 Novemba 1978 alimwoa Nereida Batista, wakajaliwa Yoandra, huyu hapa, na Leonel, anayelia kwenye simu kutoka Tampa, Marekani.

Mwaka 1992, dawa zilipotoweka na serikali ikaamuru kila mji upande dawa zake za mitishamba, Evelio aliajiriwa bustani ya zahanati, akachemshia vifua vya Gibara nzima mshubiri na asali, chungu kiasi kwamba wengi walipona kwa kuuogopa.

Mwaka 2021 dawa ziliadimika tena, serikali ikaunda kamati ya foleni ya duka la dawa, kila mgonjwa na kadi yake, walanguzi wakome, mwenyekiti akawa shemeji yake, Rigoberto, kaka wa Nereida, na Evelio akasimama mlangoni akifoka, “Kadi ya jirani si kadi yako, bibi, rudi nyumbani!” nao wa foleni wakimjibu, “Foka polepole, Evelio, pumu yako itakuumbua!”

Sasa siri yenyewe: mkali huyohuyo, kila jioni, alimpitishia jirani yetu Zoraida, mwalimu wa chekechea ambaye pumu ilimwanza wakati kadi mpya hazitolewi, kopo lake la dawa ya kuvuta juu ya ukuta, akinong'ona, “Vuta upesi, mwalimu, Rigo asije akapita.”

Januari mwaka huu moyo wake ulichoka, akalazwa hospitali ya mkoa, Holguín, akafariki jana alfajiri, akiwa ametuagiza, “Kopo jipya limo kabatini, mpeni Zoraida leo hii, hana kitu,” tukafungua kabati, kopo halimo, na Zoraida, mnamsikia wenyewe, kifua kinapiga miluzi tangu tutoke nyumbani.

Familia inawashukuru madaktari waliohangaika mikono mitupu, majirani walioleta kahawa yao ya mwezi mzima, wenzake wa bustani, na kwa namna ya pekee shemeji Rigoberto, aliyejifungia jana chumbani mwa marehemu ati anamwombea, asijue dada wa marehemu, huyu anayewasomea, yuko dirishani anachungulia.

La, Rigo, usiutoe mkono mfukoni mtupu, utoe na kilichomo, ndivyo, inua juu, hata wa nyuma waone, sasa mpe mwalimu.

Vuta, Zoraida, vuta tena, nawe Evelio, kaka yetu, pumzika kwa amani, mwalimu anapumua.