Salamu za Kupeleka Ng'ambo

Tangu daraja lifunguliwe, benchi la kahawa pale kivukoni limebaki na watu watatu tu. Zamani hapakutosha: mtu akingoja pantoni anakunywa, anabishana, anaondoka. Siku hizi mabasi yanapita huko juu, puuu, hata honi hayapigi. Wembe, kinyozi, huja kwa kuwa wateja hana. Soli, fundi viatu, huja kwa kuwa Wembe yupo. Na Pantoni, aliyevusha watu miaka thelathini na moja, huja kwa ajili ya bintiye aliyeolewa ng'ambo. Enzi zile alimvusha kila asubuhi akija kazini upande huu na kila jioni akirudi kwake. Sasa ni mwezi wa tano hajamtia machoni. Simu nayo ilimponyoka ikatumbukia mtoni, na namba zote zikaenda na maji. Upweke ulimkaba mzee wa watu, basi tu.

— Leo atakuja, alisema Pantoni. Jumamosi haendi kazini.

— Hata Jumamosi iliyopita ulisema hivyo, akajibu Wembe. Mzee mwenzangu, kosa ni la daraja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Daraja linaelea?

— Halielei.

— Basi! Halijaundwa hilo. Mtoto anaogopa kulikanyaga.

— We Wembe, si anapita juu yake kila siku? Soli akadakia. Shida ni mwendo. Basi linakimbia mno. Mwili unafika huku, akili bado iko ng'ambo. Akishuka, hakumbuki kama ana baba.

— Acha uongo!

— Haki ya Mungu! Kuna mtu kaniletea viatu nimshonee, huu mwezi wa tatu hajavifuata. Mtu anasahau viatu vyake, atashindwa kusahau mzee?

Pantoni akacheka nao, maana kijiweni usipocheka utachekwa. Lakini neno lile lilimchoma.

— Nyie hamjui, Wembe akainuka kabisa. Ni zile taa mpya! Aliye kwenye mwanga hamwoni aliye gizani. Na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Yeye yuko juu ya daraja, atainamaje?

— Hapo umenena, alisema Soli.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama pembeni akinywa kahawa, akarudisha kikombe.

— Shikamooni wazee. Samahani, nimewasikia. Mimi nimehamia ng'ambo juzi, na ndiko naelekea. Nimpelekee salamu, baba?

Pantoni akasimama upesi mpaka goti likalia.

— Marahaba, mwanangu! Mwambie baba yake mzima. Mwambie iliyozama ni simu, siyo mimi.

— Nitamwambia. Anakaa wapi?

Pantoni akanyoosha kidole ng'ambo. Alifika ng'ambo mara nane kwa siku, lakini sheria ya kazi ilikuwa moja: mwenye chombo haachi chombo. Hata siku ya harusi ya bintiye aliwavusha waalikwa wote, akawashusha na mavazi yao mazuri, akarudi kuchukua wengine.

— Wembe, unapajua?

— Mimi? Soli ndiye mtembezi.

Soli akainamia kikombe chake.

— Akishuka, alisema Pantoni polepole, anapanda kile kilima. Anapita maduka. Anakata kushoto.

— Halafu?

— Halafu mimi nageuza chombo.