Miaka Kumi na Saba Chini ya Mlingoti wa Kakuma

Baada ya miaka kumi na saba na miezi mitatu ya utumishi, Mzee Epuyo Lomorukai, mtunza kituo chetu cha Kakuma, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ofisi ya Lodwar imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaniwa naye zaidi yangu.

Kwa wageni watakaousoma ukurasa huu: Dira ya Anga ni kampuni ndogo ya watu saba. Tunapokea mawimbi ya setilaiti zinazomwonyesha mtu mahali alipo, na tunachunguza jinsi jua linavyoyavuruga mawimbi hayo. Jioni za Machi na Septemba anga la huku kwetu huchafuka, na dereva aliyeegesha lori lake Kainuk anaweza kuambiwa na simu kwamba yuko katikati ya mto. Sisi huwaonya wapimaji ardhi na marubani mapema. Kazi hiyo yote hutegemea mlingoti wa chuma ulioko Kakuma, wenye antena juu yake.

Mzee Epuyo aliajiriwa Machi 2008 kwa majaribio ya miezi sita. Alikuja na cheti cha darasa la saba, kigoda chake, na ngamia jike aliyemfuata kila aendako. Kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa. Wiki ya pili alikuwa akiisoma vizuri, na wiki ya tatu akaanza kumkosoa fundi aliyemfundisha.

Mwezi wake wa nne kazini mambo yakanoga. Boris, mhandisi wetu mkuu, aligundua kuwa mlingoti ulikuwa ukisogea magharibi karibu sentimita mbili kila mwezi. Akarudia hesabu mara tatu, kisha akakata shauri kwamba ardhi ya Kakuma inahama. Huku Lodwar tulishangilia, tukitaniana kwamba tukingoja kidogo Kakuma itaingia Uganda bila paspoti. Boris akanunua tai mpya na kuandika ripoti ya kwenda kuisoma Nairobi, mbele ya mashirika yaliyokuwa yakifikiria kutupatia kazi.

Siku mbili kabla ya safari hiyo alipita Kakuma kupiga picha. Mzee Epuyo akampikia chai, akasikiliza habari za ardhi inayotembea, kisha akatoka nje kuutazama mlingoti. Upande wa mashariki, kwenye kimo cha shingo ya ngamia, chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na manyoya yalikuwa yamenasa kwenye skrubu. Alielewa papo hapo. Mashine ya kupoza hewa hudondosha maji nyuma ya chumba cha mitambo, na kila mchana yeye alikuwa akimfungulia ngamia wake geti ayanywe. Ngamia akishakunywa, alijikuna.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kuyatoa manyoya yale na kunyamaza. Alikuwa amebakiza miezi miwili athibitishwe kazini, na watoto wake watatu walikuwa wakisoma Lodwar kwa mshahara huo huo. Aliniambia baadaye kuwa hajawahi kuogopa vile maishani. Akarudi ndani, akasimama mbele ya Boris, akasema: “Ardhi haijaenda mahali. Ni ngamia yangu anajikuna. Geti mimi ndio nafunguanga.”

Boris alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ripoti ikachanwa. Kama ingesomwa Nairobi, sidhani kama leo kungekuwa na kampuni ya kumuaga mtu. Mzee hakufukuzwa. Aliagizwa mambo mawili tu: auzungushie mlingoti ua, na aandike jambo hilo katika daftari la kituo. Akaandika: “Ngamia amesukuma mlingoti. Kosa ni langu. Epuyo.”

Ngamia alipewa beseni lake nje ya ua, na Mzee akathibitishwa kazini. Tangu hapo amewafundisha mafundi watano, mmoja wao akiwa hodari kweli. Jua lilipochafuka Mei 2024, alikuwa ameshawapigia simu wapimaji wa Kalokol na Nadapal, akiwasihi waache vyombo vyao vipumzike. Waliombishia walirudia kazi yao yote wiki iliyofuata, na hadi leo anawakumbusha.

Wiki iliyopita alinikabidhi madaftari yake kumi na moja. Nimeyasoma yote. Maneno “kosa ni langu” yamo mara thelathini na nne: amechelewa kusoma kipimo, amesahau kufuta vumbi kwenye antena, amemwaga chai kwenye kibodi. Ukiacha lile la chai, hakuna ambaye angeyajua. Wanasayansi wakiniuliza kwa nini waziamini namba zetu, huwatumia picha za kurasa hizo, na hawaulizi tena.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa moyo wote. Mifugo yako iongezeke, wajukuu wakuzunguke, na ukifika Lodwar chai yako ipo. Nafasi yako anaichukua Nyaluak, aliyesomea katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na uliyemfundisha mwenyewe miaka miwili. Jumatatu alifungua daftari jipya. Nimeuona mstari wake wa kwanza: “Nimechelewa dakika sita. Kosa ni langu. Nyaluak.”

Nenda kapumzike kwa raha, Mzee. Kituo kina mwenyewe.

Chepngetich, Ofisi ya Lodwar