Kutoka Nje Si Kukataa

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni, kaeni. Mimi sikai. Padre amenikaribisha pale mbele kwenye maikrofoni, nikamwambia hapana Padre, nitasemea hapa hapa karibu na mlango wa pembeni, na mlango wenyewe ubaki wazi. Mama uliyekaa hapo, usiufunge tafadhali, najua upepo unakupiga. Nikimaliza utajua kwa nini.

Wengi mnanifahamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kamunyonge, na mdomo wangu mnaujua. Mteja akibishania bei ya bati namjibu mpaka acheke au aondoke. Basi nawaambieni, mwenye mdomo huo alikuwa anaogopa kuingia benki. Anaogopa foleni. Anaogopa hata kanisa hili, ndiyo maana mlikuwa mnaniona nje wakati wa mahubiri, nimeegemea ukuta, mkadhani naongea na simu. Simu ilikuwa haina mtu.

Ilianza dukani, siku ya kawaida kabisa. Nampimia mteja waya, ghafla masikio yakapata moto. Mabega yakapanda. Pumzi ikawa inaingia haishuki, moyo unakwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, nikajua nakufa. Sisemi nilidhani, ndugu zangu. Nilijua. Nikamwacha mteja kashika waya upande wake, nikapanda bodaboda mpaka hospitali, njiani namwagiza dereva ampigie mke wangu aje kuchukua mwili.

Wakapima moyo, wakapima presha, sukari, kila kitu. Mzima. Na wakati wananipima ile hali ikawa imeshashuka yenyewe, nimekaa kitandani kama mtu aliyekuja kusalimia. Nikarudi nyumbani na aibu yangu. Haikupita muda ikaja tena. Na tena. Manesi wakawa wakiniona getini wanatabasamu. Mwisho daktari mmoja, kijana mpole tu, akaniambia moyo wangu hauna tatizo, hizi ni hofu za ghafla. Jamani, mtu wa Butiama, niliyekulia zizini, baba mwenye mabinti wakubwa, ananiambia naumwa hofu. Nilimkasirikia yule kijana. Ningependa anipe ugonjwa wa kueleweka, likitajwa jina lake watu waje na matunda.

Nikahangaika. Wapo waliosema nimerogwa kwa sababu ya duka. Wapo walionishauri niache kahawa, nikaiacha, ikabaki hamu ya kahawa pamoja na hofu. Niliombewa pia, na sitanii mbele ya altare, maombi yalinipa nguvu. Lakini nikishatoka kwenye maombi nilikuwaga naanza kuwaza, je, ikirudi? Na hapo hapo inarudi. Nilifika mahali naiogopa hofu yenyewe. Nikiingia popote, kabla sijasalimia watu, macho yameshatafuta mlango.

Sasa sikieni. Binti yangu mkubwa akapata mchumba, kijana wa Kibara kule Bunda. Wakwe wakaja Butiama, nyumbani kwa kaka yangu, kuzungumza mahari. Sebule imejaa, mvua inanyesha, mlango umefungwa. Mshenga wao anataja ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi zao, anamalizia ananigeukia mimi. Na watu wote wananigeukia mimi. Masikio yakapata moto.

Nikainuka. Nikapita katikati yao, nikatoka kwenye mvua bila kusema neno.

Kwetu mnajua hiyo maana yake, na msio wa huko niwaeleze. Baba wa binti akiinuka wakati ng'ombe wanatajwa, akatoka kimya, huyo amekataa. Hakuna cha kuuliza tena. Kaka yangu akawatangazia wageni kwamba ndugu yake amekataa, na akalisema kwa fahari, maana alionaga ng'ombe wenyewe hawatoshi. Wakwe wakachukua miavuli yao wakarudi Bunda. Mimi nipo nyuma ya zizi, nimeng'ang'ania mti wa uzio, natafuta pumzi. Narudi ndani nakuta vikombe vya chai vimejaa vilevile, na wajomba wananipa mkono kwa msimamo wangu.

Binti yangu alikuwa jikoni. Hakulia. Aliniangalia nilivyoloa, akaniuliza, "Baba, kijana wangu amekukosea nini?"

Nikamweleza yote, na uanaume wangu wote ukaishia pale jikoni. Akanipa kanga nijifute maji. Halafu akasema, "Basi katibiwe, baba. Nitakusubiri. Ila usinisubirishe mpaka nizeeke."

Tukamtuma mtu Kibara awaambie wakwe kwamba baba alikuwa anaumwa. Hawakuamini. Na wangeaminije? Waliniona nainuka kwa miguu yangu mwenyewe, uso nimeukunja.

Ngojeni kidogo.

Haya. Mmeona nimenyamaza? Imekuja hapo. Tuendelee, inapita.

Yule daktari kijana, ambaye nilikuwa simsalimii, ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja Mwisenge, mshauri wa saikolojia, amesomea tiba inaitwa hipnotherapi. Anakutuliza kwa maneno mpaka akili inalegea, macho yamefumba, halafu anazungumza na ile hofu. Weee. Kusikia hivyo nikakumbuka wale matapeli wa stendi, wanaokuchezea akili ukawapa hela zote na viatu juu. Nikasema siendi peke yangu. Nikamchukua mke wangu akae pembeni anilinde, simu yangu na pochi nikampa yeye ashike.

Mama yule akaanza, sauti ya chini, taratibu, nisikie kope zinakuwa nzito. Nikafungua jicho moja nimcheki mlinzi wangu. Amelala. Anakoroma, pochi iko sakafuni.

Na siku hiyo tiba ilikataa, si kwa sababu ya mke wangu. Mama wa watu aliniambia nijione nimekaa ufukweni, mawimbi ya ziwa yanakuja, yanarudi. Hakujua. Sisi wa ng'ombe ziwa tunaliangaliaga kwa mbali. Sijui kuogelea mimi. Mawimbi yakaja, lakini kurudi yakakataa, nikaruka kwenye kiti natafuta mlango, mke wangu naye kaamka anauliza wameiba nini.

Mama yule alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, mwili wangu uliwahi kutulia wapi. Nikakaa nikafikiria. Nikamwambia, wakati nakamua.

Marehemu mama yangu ndiye aliyenifundisha kukamua. Alikuwa ananiambia ng'ombe anajua umekujaje. Ukija na haraka zako anabana maziwa, utavuta wee, hupati hata ya kuweka kwenye chai. Kwanza unaweka paji la uso kwenye ubavu wake. Unamsikiliza anavyopumua, unashusha pumzi yako taratibu mpaka mnapumua pamoja. Ndipo mkono unaanza, kidole gumba, cha shahada, vingine vinafuata, unaachia. Unabana, unaachia.

Basi tukaacha ziwa, tukaenda zizini. Na nawahakikishia si usingizi. Bodaboda zinapiga honi nje, nazisikia. Mtu ananunua vocha duka la jirani, namsikia. Lakini paji langu lipo kwenye ubavu wa ng'ombe, nasikia joto lake, nasikia harufu ya samadi na maziwa, mabega yangu yakashuka. Nililia. Nilimkumbuka mama yangu, na nilikuwa nimechoka sana, ndugu zangu, nimechoka kukimbia kitu kisichonifukuza.

Nikawa naenda kila juma. Akanifundisha na kujiangalia. Inaanzaga na masikio, kisha mabega, kisha pumzi. Zamani nilikuwa nashtuka imeshafika kwenye pumzi. Sasa masikio yakipata moto tu najiambia, hii naijua, inapandaga, inafika juu, inashuka yenyewe, haijawahi kuniua. Halafu mkono wangu unakamua kidogo, hapa pembeni ya suruali, hakuna anayeona. Msidhani niliinuka nikapona siku moja. Benki nilifika mlangoni nikageuka, zaidi ya mara moja. Hata sasa sijawa mtu wa kukaa katikati ya benchi.

Wakwe walikubali kurudi, kwa shingo upande. Sebule ile ile. Mshenga akaanza kutaja ng'ombe, na kabla hajamaliza wa kwanza, masikio haya hapa. Nikakamua chini ya meza. Pumzi ikaanza kubana, nikaona miguu inataka kuinuka. Ndugu zangu, nilimwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kitambaa cha vyombo, anaangalia miguu yangu. Haangalii uso. Miguu.

Nikamkatiza mshenga. Nikasema, "Wakwe zangu, mimi naumwa hofu. Inanishika hivi mnavyoniona. Nikitoka nje, sijakataa. Natoka kupumua, na nitarudi."

Kaka yangu akainamisha kichwa kwa aibu. Kisha baba wa kijana, mzee wa uvuvi, mtu wa maneno machache, akainuka na kiti chake, akaja akakiweka karibu na mlango. Akaufungua. Akasema, "Kaa hapa, mkwe. Sisi tutageuka."

Na wakageuza viti vyao kuelekea mlangoni, wageni wote wale. Nikakaa mlangoni. Sikutoka. Ng'ombe wakatajwa mpaka wa mwisho, nikasema nimepokea, na sauti ilitetemeka, ndiyo, wote waliisikia ikitetemeka.

Namshukuru binti yangu aliyenisubiri. Namshukuru yule mama wa Mwisenge, na daktari kijana, ambaye siku hizi namsalimia mimi kwanza. Mke wangu namshukuru kwa ulinzi. Wakwe zangu Mungu awabariki. Na ninyi, kama kuna mmoja hapa anayekaaga nje akijifanya anaongea na simu, hasa ninyi wanaume wenzangu, nenda kapimwe moyo kwanza, na wakikwambia moyo ni mzima usikasirike kama mimi. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako. Mimi kilichokuwa kinaniangusha ni kuificha kuliko hofu yenyewe.

Sasa niwaambie kwa nini nimeomba kusema leo. Jumamosi hii ndiyo harusi, na ni hapa hapa. Nitaingia kwa mlango ule mkubwa nimemshika binti yangu mkono, na kutoka pale mpaka altare, nimeshapapima kwa macho misa nzima, ni mbali. Watu watajaa, kwaya itaimba, wote mtanigeukia. Mkiniona nimesimama katikati, msianze kunong'ona, na kaka yangu asitangaze kitu. Sijakataa. Nipeni muda kidogo tu, nakamua.