Walinzi Waliosikia Amri Isiyotolewa

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali anajua kwamba akitikisika, wote wataanguka. Asubuhi hiyo alikaa mzee aliyepewa jina la Daftari, na daftari lenyewe lilikuwa mapajani: miaka thelathini ya mambo ya ukoo, nani kazaliwa, nani kafa, kwa wino wa bluu. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Binti yake alikuwa kwa daktari.

— Rudia, alisema Kinyozi. Hao askari wa mwilini wana masikio?

— Ni chembe za damu, Daftari akajibu kwa mara ya tatu. Zinafunzwa kwenye tezi nyuma ya mfupa wa kifua. Juu yake zina vipokezi, kama masikio. Ujumbe ukifika, zinakua, zinapigana au zinatulia. Zinazotaka kuupiga mwili wenyewe huondolewa mafunzoni, lakini chache hupenya. Za mwanangu zinasikia “piga” hata adui asipokuwepo. Ndiyo maana viungo vinavimba.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Kinyozi. Badilisheni sabuni!

— Sabuni wapi! Fundi Saa akadakia kutoka mwisho wa pili wa benchi. Ni simu. Binti analala nayo chini ya mto wa kulalia, askari wanapokea simu zake.

— Wangekuwa wameshaomba vocha! Kinyozi akacheka.

— Daktari anataka kuyaziba masikio hayo kwa vidonge, Daftari akasema.

— Ayazibe ya nini? akauliza Kinyozi. Sikio la kufa halisikii dawa!

Daftari aligeuka, benchi likayumba.

— Unamtabiria mwanangu kifo?

— Methali tu, mzee mwenzangu.

— Basi kaa nayo.

Binti akatokea, mkono ukutani, vidole vimevimba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, pole.

— Baba, kabla ya kuniandikia vidonge, daktari anauliza nani mwingine kwenye ukoo aliumwa hivi. Shangazi alikufa kwa ugonjwa gani?

Daftari akafunua ukurasa wa dada yake huyo. Siku ya kifo ilikuwepo, na saa, na mvua iliyonyesha, na waliochimba kaburi. Chini yake: “Siku zake zilifika.” Akafunua kwa baba yake mdogo. “Siku zake zilifika.” Kwa bibi, vilevile. Kwao ugonjwa hautajwi, usije ukadhani umealikwa.

Kinyozi akalishika benchi lisiyumbe.

Daftari akatafuta ukurasa wa binti yake, akachomoa kalamu.

— Taja jina la ugonjwa wako, mwanangu. Polepole, nisikosee.