Profesa Mwiko na Sufuria la Mkewe

Kitendawili!

Nimesikia wachache tu wakijibu "tega." Wengine najua mna povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, mnaosha vyombo. Haya, natega. Namjua mfalme mwenye taji la matundu matupu. Ukimmwagia maji juu ya taji, yeye analowa chapachapa, na raia wake wanagaagaa sakafuni kwa kicheko. Ni nani?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ahsanteni, nimeupokea, nimeutembea wote mpaka vichochoroni, sasa nimerudi na jibu. Ni Profesa Mwiko, na taji lake ni chujio la jikoni.

Wasikilizaji wapendwa, Profesa Mwiko ametutoka. Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa fundi bati. Siku za kazi aliziba masufuria yaliyotoboka, na siku za mapumziko alifanya mazingaombwe ya watoto. Fundi bati, na mfanya mazingaombwe. Wengi wenu mliomjua kwa hilo la pili hamkujua hilo la kwanza, na waliompelekea masufuria walishangaa kumkuta kwenye sherehe ya mtoto, vibanio vya nguo vimembana masikio yote mawili na kimoja puani.

Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa binti yake, ambaye ni dobi wa hospitali. Anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Ndiye mtoto wao wa pekee, na mengi aliyaona kwa macho yake.

Mwanzoni, anasema binti, baba yake alikuwa mfanya mazingaombwe wa heshima zake. Suti nyeusi. Kofia ndefu. Karata. Alitokea kimya kimya, akanyanyua kidole, akakunja uso. Watoto wadogo walilia. Wakubwa kidogo walipiga miayo. Mtoto mmoja alimwuliza katikati ya mchezo, "Mjomba, wewe ndiye daktari wa meno?"

Kisha ikaja sherehe ya mtoto wa jirani. Asubuhi ya siku hiyo fundi alikuta kofia yake ndefu imekaliwa na mgeni. Imekuwa bapa kama sahani. Afanye nini? Aliingia jikoni kwake akachukua sufuria lililokuwa karibu. Akatia kitambaa ndani, akavaa suti yake, akaenda kwa jirani akiwa na sufuria badala ya kofia. Mkewe hakuwepo, alikuwa kwenye bomba la mtaa akichota maji.

Sasa mke wa fundi, niwaambie, alikuwa mpishi wa shule. Mtu wa kuamka mapema, mtu wa sauti. Na sufuria lile ndilo alilotaka kupikia. Fundi alikuwa ndio kwanza amenyanyua kidole, amekunja uso, watoto wako kimya, mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Nani kachukua sufuria langu?"

Fundi akaganda. Mke akaliona sufuria. "Ehee! Maji yamefika, jiko linawaka, mimi nipikie kwenye kiatu?"

Na fundi, kwa hofu tu, kwa kutapatapa tu, hakujua amelitoa wapi neno hili, akasema kwa adabu kubwa, "Samahani, mama. Tunafahamiana?"

Watoto wakapasuka. "Ni mkeo! Ni mkeo!"

"Utanifahamu leo utakapolala njaa," mke akasema, akamfukuza kuzunguka meza, na fundi akalivaa sufuria kichwani asinyang'anywe, akaenda akajigonga ukutani. Binti, aliyekuwa mdogo wakati huo, anakumbuka kwamba jirani mmoja alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Hapo ndipo alipozaliwa Profesa Mwiko. Suti nyeusi ilikwenda kwa fundi cherehani ikawa aproni. Fimbo ya ajabu ikawa brashi ya choo, mpya kabisa, alihakikisha kila mtu anajua ni mpya. Glavu za mpira za kuoshea vyombo alizijaza hewa, zikawa kuku, kuku akataga yai, yai likapotea ndani ya sufuria. Sufuria hilo alilitia matako mawili, la siri juu ya la kweli, kwa mkono wake mwenyewe, kule karakanani, na likawa linameza mayai, soksi, miwani ya mwalimu mkuu. Yeye akawa halioni yai, wakati kila mtoto ameliona. "Liko wapi?" "Nyuma yako!" "Wapi?" "Nyumaaa!" Anageuka, na yai nalo linageuka naye.

Na kila mara, kuelekea mwisho, mlango unafunguliwa. Mke anaingia na aproni yake ya kazini. "Nani kachukua sufuria langu?" Profesa anamtazama. "Samahani, mama. Tunafahamiana?" Halafu mbio, halafu ukuta. Miaka nenda miaka rudi, mume na mke, mchezo ule ule. Mke alinung'unika kwa watu kwamba anaonewa, lakini binti anasema mama yake hakukosa hata sherehe moja, na aproni aliipiga pasi.

Binti alimwuliza baba yake siku moja kwa nini hafanyi mazingaombwe ya kushangaza, kama wale wa kwenye televisheni. Alijibu, "Mtoto siku nzima anaambiwa hajui. Hajui kufunga viatu, hajui kushika kijiko. Akija kwangu anamkuta mtu mzima asiyejua kuliko yeye. Anapumzika."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika penye uzito.

Ugonjwa wa kusahau uliingia nyumba ile bila kubisha hodi. Na ungeujuaje? Mtu ambaye kazi yake ni kujifanya haoni kijiko kilicho mkononi mwake, siku akiacha kukiona kweli, nani atastuka? Aliweka pasi ndani ya ndoo. Mkewe akacheka. Alitafuta mfuniko huku ameushika, na mkewe akamwambia kutoka kitandani, "Profesa, sherehe imekwisha, hapa hakuna watoto." Akaendelea kutafuta. Mke akaendelea kucheka. Walicheka msimu mzima.

Binti ndiye aliyeacha kwanza. Alikuja kuwatembelea akamkuta baba yake amesimama katikati ya chumba na sahani, akiitazama. Binti anasema, "Baba akifanya mchezo, kabla hajapoteza kitu hukutupia jicho pembeni, kama anakuambia, haya, jiandae. Siku ile hakumtupia mtu jicho."

Daktari aliwaeleza taratibu. Ni ugonjwa wa kusahau. Utakwenda mbele, hautarudi nyuma. Karakana ikafungwa, maana moto na mtu anayesahau havikai pamoja. Lakini mazingaombwe je? Hapo mama na binti waligongana.

"Mama, mwachishe," binti alisema. "Watoto wanamcheka mgonjwa."

"Akivaa chujio anajua kila kitu," mama akajibu. "Hapa nyumbani ananiuliza choo kiko wapi. Kule hakosei hata neno moja. Unataka nimnyang'anye na hilo?"

"Na siku akikosea?"

"Siku akikosea nitakuwepo."

Na ni kweli alikuwa hakosei. Anayesahau alichokula asubuhi alikumbuka kuku atage lini, na mlango ukifunguliwa aseme nini.

Ndipo hospitali anayofanyia kazi binti ikamwomba Profesa Mwiko aje wodi ya watoto. Binti alikataa. Kwanza alisema baba anaumwa. Halafu akasema ukweli, kwamba ni mahali pake pa kazi, wenzake watamwona baba yake akipotea. Mama yake alikuwa anakunja aproni. "Basi waone," akasema. "Kwani sisi tumeiba?"

Wakaenda, mchana, jua limejaa madirishani. Watoto vitandani, wengine mikono na miguu imefungwa plasta, mmoja na mrija puani. Binti alisimama nje ya mlango nyuma ya toroli la mashuka. Kutoka pale aliona mgongo wa baba yake tu. Uso hakuuona. Shikeni hilo, wasikilizaji: uso hakuuona.

Brashi ya choo ikafanya kazi yake. Kuku akataga. Chujio likamwagiwa maji, na mtoto wa mrija akacheka mpaka muuguzi akaja kuushika mrija. Binti akaanza kupumua. Kisha mama yake akampita pale mlangoni, akaingia.

"Nani kachukua sufuria langu?"

Profesa Mwiko akageuka. Akamtazama. Akachelewa kidogo.

"Samahani, mama," akasema. "Tunafahamiana?"

"Ni mkeo!" watoto wakapiga kelele. "Ni mkeo!"

Hapo ndipo mbio zilipokuwa zikianza. Siku hiyo hakukimbia. Alilipangusa sufuria kwa mkono wa shati. Akampa kwa mikono miwili. "Kama ni lako, chukua, mama. Niwie radhi." Mke amelipokea, amesimama nalo. Fundi akaenda kwenye kiti alichowekea vitu vyake, akatoa brashi, akatoa glavu, akakipangusa kiti kwa kiganja, akakisogeza. "Keti upumzike. Unaonekana umetoka mbali."

Mke akaketi, sufuria mapajani. Ndipo mtoto mmoja mwenye plasta mguuni akapiga makofi, na wengine wakafuata, na muuguzi mkuu akaonekana akijifuta macho.

Ule ndio ukawa mchezo wake wa mwisho.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, fundi ametangulia na mfuko wa vitu vyake, binti alimshika mama yake mkono. "Mama. Vile alivyofanya. Alikuwa anaigiza, au alikuwa amepotea kweli?"

Mama yake akasema, "Shika huo mfuniko wa sufuria, utaanguka."

Binti aliuliza tena baadaye. Mama akasema ana usingizi. Aliuliza tena wakati baba alipoacha kusema kabisa. Mama akatoka nje kuanua nguo. Na mnaelewa kwa nini binti hakuweza kuliacha. Kama baba aliigiza, basi alijua mwisho wake umekaribia na alikuwa amemwandalia mkewe kwaheri ya upole mbele ya watu. Kama alikuwa amepotea, basi mama yake alifanywa mgeni na mumewe, hadharani, hospitalini, na akakaa kwenye kile kiti peke yake huku watu wakimpigia makofi.

Kwenye mazishi, muuguzi mkuu alisimama akasema, "Nilikuwepo alipomuaga mkewe. Sijawahi kuona kwaheri nzuri kama ile." Watu wakaitikia. Walikuja mmoja mmoja kumwambia mjane, bahati yako mama, wengi hawaagwi. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Binti alikuwa amekaa karibu naye, na anasema mkono wa mama yake ulikuwa umeikamata kanga ya mtu mwingine bila kujua, ukaibana mpaka ikakunjamana.

Kwa niaba ya kipindi hiki, nawapa pole mke wa marehemu, binti yake, majirani wa karakana ile, na kila mtoto, sasa mtu mzima, aliyewahi kupiga kelele "nyuma yako!" Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tukitoka hapa redioni tuangalie majumbani mwetu. Yupo aliyezoea kutuchekesha kwa kupoteza vitu? Tumtazame machoni leo. Na kama yupo mgonjwa wa kusahau, tusimfiche chumba cha nyuma kwa kuona haya.

Lipo moja limebaki, na mjane ameniruhusu niwaambie. Nilipokwenda kuwapa pole, tulikaa jikoni. Binti alikuwa anasuuza vyombo. Akalikuta sufuria lile, lenye matako mawili, akaligeuza mikononi. Akauliza bila kugeuka.

"Mama, leo nijibu. Alikuwa anaigiza?"

Nikataka kuinuka niwapishe. Mjane akanishika goti, nikakaa.

"Hapana," akasema. "Hakuigiza."

Binti akafunga bomba.

"Nilimtazama machoni. Hakunijua. Hata chembe. Nilikuwa mama fulani kaingia mlangoni anapiga kelele."

"Na umewaacha watu wote waseme alikuaga."

"Waache na kwaheri yao. Wana haja nayo."

"Iliuma?"

"We mtoto! Mume wangu ananiuliza kama tunafahamiana, na anauliza kweli? Iliuma, inauma hadi sasa hivi nikiwa nimekaa hapa." Tulidhani amemaliza. "Ila nilikuwa sijawahi kujua yukoje kwa mtu asiyemjua. Ningejuaje? Mimi alinijua tangu ujana. Siku ile nikamwona. Mwanamke si ndugu yake, si jirani yake, kaja kumfokea mbele za watu. Angeweza kunifukuza."

Akachukua sufuria kutoka mikononi mwa binti yake, akalifuta maji.

"Akanipangusia kiti, mwanangu. Hakunijua, na akanipangusia kiti."