Magari Matatu ya Umeme na Moja la Kusukuma

Benchi letu liko juu ya mteremko, mbele ya duka la vioo lililofungwa tangu mwenyewe ahamie kwa mwanawe. Ni ubao mrefu uliowekwa juu ya matofali, na umepinda upande wa kushoto kwa sababu ndiko anakokaa Kocha, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye mwili wa watu wawili na baki. Katikati hukaa Asilimia, aliyeuza bima ujana wake wote na mpaka leo hawezi kukwambia mvua itanyesha bila kukupigia hesabu. Mimi nachonga funguo kwenye kibanda cha pembeni, kwa hiyo naitwa Funguo. Kahawa ni ya Mama Birika, na maneno pia ni yake akitaka. Halafu yupo Taratibu, dereva wa teksi. Gari lake haliwaki bila kusukumwa. Stata ilishatengenezwa mpaka fundi mwenyewe akamwomba asirudi tena. Basi jioni analilaza hapa juu, na alfajiri tunakunywa kikombe cha kwanza, tunalisukuma mpaka kwa kinyozi, linakohoa, linawaka, linaondoka, nasi tunapanda kurudi kwenye kikombe cha pili.

Asubuhi hiyo kikombe cha kwanza kilikuwa kirefu. Wiki iliyopita gari lilimzimikia Taratibu kwenye uwanja wa hospitali, mahali tambarare, hakuna mteremko, na watu wote waliokuwa karibu ni wagonjwa. Bibi mmoja anayempeleka kliniki mara tatu kwa wiki alishuka polepole, akamshika bega, akasema, "Pole mwanangu, ngoja nitafute mwingine." Hakugomba, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Tangu siku hiyo ni gari jipya au aache kazi. Tulikuwa tumekwenda naye kujaribu magari matatu ya umeme, sote, kama watu wanaokwenda kuposa. Sasa kabla ya saa nne alitakiwa ampigie simu binti wa duka la magari amwambie anachukua lipi.

— Haya, lipi? nikamuuliza.

— Sijui, Funguo. Nimekuja mapema makusudi. Nisaidieni.

Kumwomba Asilimia msaada ni kufungua bomba lililokatika koki.

— Tuanze na lile jeupe, akasema. Jeupe ni hatari kwa asilimia sitini.

— Hatari ya nini? Mama Birika akauliza.

— Linaongea! Hamkulisikia? Funga mkanda, geuka kulia, punguza mwendo. Gari linaloanza na mkanda leo, kesho litamuuliza abiria anatoka wapi na yule aliyekaa naye nyuma ni nani. Wewe Taratibu nusu ya kazi yako ni kunyamaza.

— Lakini limetulia barabarani, Taratibu akasema.

— Hata tapeli ametulia. Mimi nimeuza bima, najua.

Kocha akakohoa. Kocha akikohoa benchi lote linapanda na kushuka.

— Tuliacheni jeupe. Mimi nina neno na lile dogo la bluu.

— Lilikuwa zuri lile, Taratibu akasema.

— Zuri kwa macho. Mnajua betri iko wapi? Chini ya miguu! Nimekaa juu ya umeme nusu saa nzima. Na tangu siku ile goti langu la kushoto haliumi.

— Si heri, jamani?

— Mama Birika, lililokuwa linauma ni la kulia.

Tukatafakari jambo hilo. Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Umeme unavuta chuma, Kocha akaendelea. Na damu ina chuma, muulizeni daktari yeyote. Mtu atapanda pale hospitali na kilo themanini, atashuka nyumbani na sabini. Atasema teksi imemla.

— Ngoja kwanza, Mama Birika akasema. Mtu anapanda, anakaa, hafanyi lolote, na anapungua?

— Ndiyo nakwambia!

— Basi Taratibu, chukua la bluu. Mimi napanda kesho, na dada yangu nampakia kwenye buti.

Taratibu akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kiatu. Ni mtu wa kucheka kwa siri, mabega tu ndiyo yanatikisika, na nilifurahi kuyaona yakitikisika kwa sababu wiki nzima yalikuwa yameshuka.

— Mimi ningekuwa wewe, Mama Birika akasema, ningechukua lile kubwa la kijivu. Lina soketi nyuma. Yule binti alisema unaweza kuchomeka hata birika.

— Kwa hiyo teksi yangu iwe jiko lako?

— Siku umeme ukikatika tu! Abiria watangoja ichemke. Nani anakataa kahawa?

— Mama Birika, Asilimia akasema huku akinyoosha kidole, wewe utachomeka birika. Kinyozi ataona, ataleta mashine yake ya kunyolea. Wa kupiga pasi atakuja na pasi. Mtaa mzima utalinyonya gari la mwenzetu, na likiisha nguvu litasimama hapo na mtu kichwani amenyolewa nusu. Nani atalipa fidia? Hakuna kampuni itakayokatia bima nywele!

Mimi sikutaka kubaki nyuma. Nikasema ubaya wa yote matatu ni mmoja: hayana ufunguo. Unapewa kadi, kama ya maktaba. Dereva akiwa na mawazo huwa anachezea funguo mkononi. Sasa mwenzetu huyu akiwa na mawazo atachezea nini? Atapata maradhi ya vidole, halafu ya moyo.

— Funguo anatetea tumbo lake, Kocha akasema.

— Natetea vidole vya rafiki yangu.

— Nyote mmeacha jambo lenyewe, Asilimia akasema, akashusha sauti. Jambo lenyewe ni kimya. Gari halina mlio. Mteja akipanda, asilimia tisini analala. Akilala hashuki. Unampakia mwingine, naye analala. Utazunguka na watu waliolala kutwa nzima, maofisini hakuna mtu, shuleni hakuna mwalimu, mwisho serikali itauliza wananchi wako wapi. Wananchi wako kwa Taratibu, wanakoroma!

— Na wewe utakuwa wa kwanza, Mama Birika akamwambia. Ulilala kwenye lile la kijivu, na tulikuwa hatujatoka getini.

— Nilifumba macho nisikilize breki.

— Ulitoa mate, Asilimia. Na aibu yenyewe ingekuwa hiyo moja ningeshukuru. Mimi nimekwenda pale na viatu vyangu vya harusi, nimejiweka sawa, naona nyinyi wanaume watatu mnaacha milango iko wazi, mnakwenda nyuma ya gari.

Hapo hatukuweza kubisha. Ilikuwa kwenye lile jeupe, la kwanza kabisa. Taratibu alikaa kwenye usukani, yule binti akakaa kando yake, na sisi watatu, bila hata kutazamana, tukazunguka nyuma, tukakunja mikono ya mashati, tukaweka viganja kwenye buti. Binti akatoa kichwa dirishani.

— Wazee wangu, kuna tatizo?

— Hakuna tatizo, mwanangu, Kocha akamjibu. Tuko tayari.

Taratibu akagusa kitu kimoja tu na gari likaondoka. Halikunguruma wala kukohoa. Liliteleza kutoka kwenye mikono yetu, Asilimia akapiga magoti, Kocha akajishikiza kwa mlinzi wa duka asianguke, na mimi nikabaki nimenyoosha mikono mbele nasukuma hewa. Mama Birika alisimulia yote hayo kwa vitendo pale kwenye benchi, akitumia birika kama gari, na tukacheka kila mtu kwa sauti yake. Lakini mimi nakumbuka vile viganja vilivyokuwa vitupu ghafla, na sikukipenda kile nilichokisikia moyoni.

Tulikuwa bado tunajifuta machozi alipotokea mwanamke mmoja tusiyemjua, amebeba cherehani kwenye sanduku lake, ameinamia upande mmoja kwa uzito.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, dada. Umehamia hapa?

— Juzi, ghorofa ile ya kijani. Teksi hii ni ya nani? Nina kazi ya kushona mapazia kwenye hoteli, nisichelewe siku ya kwanza.

— Ni yangu, Taratibu akasema, akasimama na kumpokea cherehani. Karibu, keti kwanza. Tunamalizia kahawa hii, halafu tunalisukuma.

— Mnalisukuma?

— Haliwaki bila hivyo, mimi nikamweleza. Usiogope, lina desturi zake. Ni mpaka kwa kinyozi tu.

Akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Kocha.

— Kila asubuhi?

— Kila asubuhi, Kocha akasema, na kifua kikatoka mbele. Mvua, jua. Mimi niliwahi kuja na homa.

— Siku ya harusi ya binti yangu nilikuja na suti, Asilimia akasema. Nikalisukuma, nikarudi kumtoa bibi harusi.

— Wote mnakaa mtaa huu?

Tukasema hapana. Karakana ya Kocha iko upande wa pili wa soko. Asilimia anapanda basi kuja hapa, na hana kazi tangu astaafu. Mimi kibanda changu hakifunguliwi kabla ya saa mbili, maana hakuna anayechonga ufunguo alfajiri. Tukamweleza pia habari ya magari matatu, na kwamba leo ndiyo siku ya kuamua, na tukamsimulia kwa ufupi hatari za kila moja. Alisikiliza vizuri. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

— Hongera, kaka, akamwambia Taratibu. Halafu akatugeukia sisi. Aliuliza kwa wema kabisa, kama mtu anavyouliza choo kiko wapi.

— Sasa hilo la umeme likija, nyinyi asubuhi mtakuwa mnakuja hapa kufanya nini?

Asilimia akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta namba, akakosa hata moja, akaufunga. Kocha akaanza kuangalia viganja vyake. Mimi nilitazama kibanda changu kilichofungwa nikahisi hofu, hofu ya kweli kabisa, ile ya mtu mzima anayejua kwamba nyumbani chai yake inapoa mbele ya kiti kimoja. Mama Birika alifunika birika, akalifunua, akalifunika tena.

Taratibu ndiye aliyesema. Hakututazama.

— Nilishachagua.

— Lini?

— Siku ile ya la bluu. Nilikaa ndani nikajua ndilo. Bibi wa kliniki anaweza kupanda bila kuinua mguu sana, nililipima kwa hilo. Nikataka kuwaambia tukiwa bado njiani kurudi.

— Sasa la kijivu tulikwenda kulijaribu ya nini? Asilimia akauliza.

— Mlikuwa mmefurahi. Wewe ulikuwa umeshapiga pasi shati. Na mimi… jamani, nikiwaambia nimechagua, ndiyo imekwisha.

Hakuna aliyemkasirikia. Ningemkumbatia kama si Kocha kuwa katikati yetu.

— La bluu ni zuri, Kocha akasema.

— Si ulisema linavuta damu?

— Damu gani, Mama Birika? Watu wenyewe wana damu nyingi. La bluu ni zuri sana. Bibi wa watu atapanda vizuri.

— Salama kwa asilimia mia, Asilimia akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

— Halina hata kelele, nikasema mimi.

Taratibu akatoa simu, akasogea hatua chache, tukamsikia anamwambia binti: lile la bluu, ndiyo, leo hii, nikimfikisha abiria naja. Aliporudi alikuwa anachezea funguo mkononi.

— Lakini asubuhi mtakuja? akauliza.

— Dada anachelewa, Kocha akasema, na kuinuka. Twende.

Tukampakia dada na cherehani yake nyuma. Taratibu akakaa, akakanyaga klachi, akatia gia ya pili, akatoa mkono dirishani kama kawaida. Kocha akashika katikati, mimi kushoto, Asilimia kulia. Lilikuwa zito siku hiyo, sijui ni cherehani. Likaanza kubiringika, likashika mteremko, akaachia klachi, likashtuka, likakohoa, na mbele ya kinyozi likawaka.

Huwa tunaachia hapo. Kocha hakuachia. Asilimia hakuachia, na kwa mapafu yake sijui aliendeleaje. Nikasikia viatu nyuma yangu, na Mama Birika, ambaye hajawahi kusukuma hata siku moja, akaja kuweka viganja vyake kando ya vyangu. Tukampita kinyozi, tukalipita duka la dawa, injini inanguruma na sisi tunasukuma, na yule dada amegeuka anatutazama kupitia kioo cha nyuma, haulizi tena kitu. Gari lilikuwa na nguvu ya kutuacha pale pale barabarani. Taratibu hakukanyaga mafuta.